Pale Besi Inaposhuka

Baba Kadzo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utasema watu wa bara hatukufunzwa adabu, na neno hilo nimelisikia kwako mara nyingi. Mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule darasa la sita, na mikono hii imezoea mkokoteni kuliko kalamu, kwa hivyo nivumilie. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia hapa sokoni Kongowea, mgongo unauma, na nina jambo la kukiri kwako.

Kwanza habari. Kanisa limepakwa rangi ile ya maziwa uliyokuwa ukiitaka, ila upande wa sakristia rangi iliisha wakamalizia na nyingine. Mama Kadzo hajambo. Jumuiya ikikutana yeye ndiye anayeongoza rozari siku hizi, na anakwenda haraka kukushinda, watu wanafurahi wala hawasemi. Mahali pako kwenye benchi la besi, pale karibu na matundu ya hewa, hakuna aliyepakalia. Hatukuafikiana hivyo. Tunajibana tu.

Siku tulipokuzika Kaloleni kwaya iliimba, mimi sikuimba. Nilibeba. Nilishika upande wa miguu kutoka barabarani mpaka kaburini, maana kubeba ndiyo kazi ninayoijua, na sauti haikuwepo.

Nilipofika Magogoni kutoka Mwingi sikumjua mtu. Jumapili nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango, nipate kutoka kabla mtu hajaniuliza jina. Wewe ukanifuata mpaka nje. "Mwanangu, kifua chote hicho ni cha kubebea magunia tu? Njoo besi." Nikakwambia sijui kusoma nota. Ukacheka. "Hata mimi karatasi naishika kwa heshima tu. Sikiza bega langu."

Basi nyimbo zote nilijifunza kwa bega lako. Likiinuka, navuta pumzi. Likilala kushoto, najua tunashuka. Miaka minne sikuitazama karatasi hata mara moja, na hakuna aliyegundua, au waliogundua walinyamaza kwa ajili yako.

Sasa hili ninalokiri.

Mwezi uliopita tulikuwa na mazoezi ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Askofu alikuwa anakuja, kwa hivyo Mwalimu Tarasila alikuwa mkali kuliko siku zote. Tulipofika wimbo wa matoleo, ule uliokuwa ukiupenda, akasimamisha kwaya nzima. Akataka besi peke yake. Tukaimba. Mwisho wa beti ya pili akagonga meza.

"Nani huyo anapanda? Karatasi inashuka."

Wenzangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Ni Mutua, mwalimu. Anaimba ya marehemu."

Nikamwambia mwalimu kwamba hivyo ndivyo Baba Kadzo alivyoimba. Akanitazama kidogo, akasema polepole, "Baba Kadzo nilimwachia. Wewe sikuachii. Jifunze kushuka, au kwenye wimbo huo ukakae na waumini."

Mzee wangu, nilikasirika. Niliona kama anakufukua. Nguo zako zilishagawiwa, benchi lako litakuja kukaliwa siku moja, na sasa hata kale kapande ka wimbo ambako nikikaimba nakusikia kando yangu, anataka kukafuta mbele ya watu. Niliiweka karatasi kwenye kiti nikatoka. Wiki mbili sikukanyaga mazoezini. Nilishaamua kwamba kwaya basi.

Lakini wimbo haukuniacha. Nilikuwa nausukuma pamoja na mkokoteni, na pale mwisho wa beti ya pili napandisha kwa nguvu, kwa makusudi, kama mtu anayebishana. Athumani, hamali mwenzangu, tangu ajue kwamba naimba kanisani ananiita Padre. "Padre, shusha sauti, wallahi kabichi za watu zinanyauka." Nikamwambia kumbe hata yeye anataka nishuke, kama mwalimu. Hakuelewa. Akanisaidia kusukuma.

Ndipo Kadzo alipokuja sokoni kununua viazi vya karai lake la biashara. Nilimbebea gunia mpaka barabarani, na tukingoja gari akaniuliza mbona sionekani kwenye mazoezi.

"Mwalimu amesema baba yako alikuwa anakosea," nikamjibu.

"Baba hakukosea, kaka Mutua. Alikuwa hafiki."

"Hafiki wapi?"

"Chini. Zamani alikuwa akishuka pale mpaka unasikia benchi linatetemeka. Kifua kilipoanza kumbana, akishuka anakohoa. Akaona haya kukohoa watu wakipeleka vipaji altareni. Akamwomba mwalimu ampishe apite juu, na asimwambie mtu." Kisha akanitazama. "Nilidhani unajua. Si ulikuwa umesimama naye?"

Nilikuwa nimesimama na wewe. Ndiyo.

Gari likaja, Kadzo akaenda, mimi nikabaki pale kando ya barabara na mabega matupu. Nimebeba vitu vingi hapa, Baba Kadzo, lakini neno lile la mwisho sijui nilishikie wapi. Nikaanza kukumbuka. Zile peremende za mnanaa ulizokuwa ukinigawia kabla ya Misa, nilidhani ni za kulainisha sauti. Nilizimung'unya na kuzitafuna, kumbe nakula dawa yako. Kile kilima cha kutoka kanisani, tukikipanda kurudi nyumbani, ulikuwa unasimama katikati unasema, "Nyinyi tangulieni, mimi nasalimiana na watu." Hapakuwa na watu. Niligeuka mara ngapi nikaona hapana watu, nikaendelea na safari yangu kwa sababu njaa iliniuma.

Na bega lako. Mwaka wa mwisho lilikuwa likiinuka mara mbili pale ambapo zamani liliinuka mara moja. Mimi mjinga nikavuta pumzi mara mbili na wewe. Miaka yote ile nilikuwa najifunza ugonjwa wako nikidhani ni wimbo.

Nisamehe. Ulinisogelea wewe nisipojulikana na mtu, ukaniuliza jina, kwetu, mama yangu anaitwa nani. Mimi sikukuuliza hata siku moja, "Mzee, kifua kikoje?"

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Mwalimu Tarasila hakunisema. Alinipa karatasi, akanionyesha kwa kidole mahali penyewe, akaimba mara moja kwa sauti ndogo, akasema, "Haya, Mutua. Shuka." Nikashuka. Ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililoniuma. Nilifika chini kabisa na pumzi ikabaki. Kumbe siku zote nilikuwa nayo nafasi, nikaiacha bure kwa kukufuata.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka uani. Akina mama walikuja na vikapu wakicheza, ndizi, mihogo, mbuzi mmoja aliyekataa kutembea mpaka akabebwa, na Askofu mwenyewe akacheka. Beti ya pili ikafika mwisho. Besi nzima, iwe kwa kukukumbuka wewe au kwa kudhani mimi nitapanda, ikapanda. Wale wale walionicheka. Mimi nikashuka peke yangu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza ndani ya kanisa lile, na niliogopa, nikataka kukimbilia walipo wenzangu. Sikukimbia. Beti ya tatu wawili wakanifuata. Ya nne tulikuwa chini sote.

Baada ya Misa Mama Kadzo alinijia pale uani, akanishika mkono, hakuuachilia. "Leo nimemsikia wa zamani," akasema. "Yule aliyenioa." Kisha akaenda kugawa pilau, nami nikaenda nyuma ya choo nikalia, maana siku ya kukuzika nilikuwa sijalia.

Sina mengi tena. Mwezi wa marehemu ukifika nitaandika jina lako mwenyewe, kwa mkono huu mbaya, lisomwe altareni. Pumzika, mzee wangu. Vuta pumzi ndefu, moja tu, huko hakuna anayekuhimiza.

Nami nakuahidi hivi. Yeyote atakayesimama kando yangu kwenye benchi lile, nikimsikia ameiacha njia ya wimbo, sitamcheka wala sitamfuata. Nitangoja tutoke nje, nimuulize kifua chake kikoje. Na akinijibu kwamba hajambo, nitamuuliza tena.

Mwanao wa besi,
Mutua