Jiko la Kupeana Mgongo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na kuku wako hawajamaliza mchicha wa jirani. Sisi huku afya tunayo. Utulivu ndio umetuhama, hasa mimi. Tangu nianze kuandika nimeshainuka kufunga dirisha, nikalifungua tena, nikatafuta kalamu niliyokuwa nimeishika. Mke wangu ameniuliza kama nimekalia siafu.

Kinachoniwasha ni kazi moja ya jiko. Nilikudokezea kwenye simu kwamba mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari amejenga nyumba kubwa, akataka nimchoree jiko na kumtengenezea makabati ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Sharti lake lilikuwa kwamba kulia na kushoto visipishane hata unywele. Sinki mbili, majiko ya gesi mawili, mafriji mawili yaliyofichwa nyuma ya milango ya mbao, kila upande na ukuta wake, na katikati meza ndefu ya jiwe iliyokigawa chumba sawasawa. Mimi nikadhani ni fahari tu ya mwenye nazo. Nilipomwuliza wapishi ni wangapi, alicheka kama mtu mwenye jino bovu, akasema ni wawili, mama yake na mkewe, na yeye amechoka kuamua kesi za sufuria. Kila mmoja apewe nusu yake, asipatikane wa kusema kapunjwa.

Kazi yenyewe niliipenda, sikufichi. Mbao nilizichagua kwa mkono wangu, zote za gogo moja, nikazipanga ili mistari ya upande huu itazamane na ya upande ule kama mtu na kioo. Lakini amani sikuipata. Mara akaja mkewe karakanani, akajifanya anaangalia rangi, kumbe anataka nimwongezee droo, upande wake tu, na nisimwambie mtu. Keshoye akaja bibi, mama wa mwenye nyumba, mfupi, sauti kama kengele. Akaomba makabati yake ya juu yashushwe kwa kuwa bega halimpandi tena. Ombi la bibi nikalifikisha kwa mwanawe. Akashika kichwa.

"Fundi, ukishusha huku, shusha na huko. Nusu ikizidi nusu, mimi nahamia gereji!"

Nikashusha pande zote, huku nikijua mkewe ni mrefu kama twiga na atayagonga kwa paji la uso. Ya droo nikayameza, wala sikuiongeza. Siku nzima nilikuwa napima, nafuta, napima tena, na vipimo havikuwa na kosa lolote. Kosa nilikuwa nalihisi, ila sikuliona liko wapi.

Jiko lilipokamilika, Mama, wapaka rangi walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mwezi uliopita nikarudi kukaza bawaba, maana mbao mpya hujinyoosha. Nikalikuta jiko kama nilivyoliacha, hata karatasi za dukani bado zimo ndani ya oveni za majiko. Nikafuata harufu ya vitunguu mpaka uani. Wale wawili wamekaa kwenye vigoda, jiko moja la mkaa, sufuria moja, wanabishana. Bibi anasema chumvi imezidi. Mkwewe anamjibu kwamba chumvi haina neno, ulimi ndio umezeeka. Nikauliza kama kule ndani kuna kitu kimeharibika. Bibi akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, umetupatia kila kitu isipokuwa mtu wa kuzungumza naye. Kila mmoja anatazama ukuta wake. Tulijaribu siku moja, tukapika kimya kama tuko msibani, kila mtu na chungu chake, na mwanangu akala kote kote mpaka akavimbiwa. Heri nigombane na huyu kuliko kutazama mgongo wake."

Mkwewe akacheka huku akimenya vitunguu. Hakubisha.

Nikakaza bawaba za milango ambayo haifunguliwi, nikaondoka. Tangu hapo nikikaa nasimama, nikisimama natembea.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Mwaka jana uliondoka kwetu bila kumuaga mke wangu, kwa ajili ya lile neno ulilomwambia na lile alilokujibu. Nikakuahidi chumba cha uani, chenye jiko lake na mlango wake, ili urudi kuishi nasi bila kukutana na usiyetaka kukutana naye. Ramani niliimaliza. Mama, chumba hicho sikijengi.

Nilimsimulia mke wangu habari za wale wawili, nikijua atanuna. Akasema tangu uondoke hakuna wa kumwambia kwamba anaunguza vitunguu. Akasema uje. Ila lile neno bado linamuuma, na siku utakayofika atakuambia usoni. Nikamwuliza, na wewe ukiambiwa lako? Akasema atasikiliza. Zaidi ya hapo hakuahidi, nami siwezi kuahidi kwa niaba yake.

Chumba chako kiko humu ndani, kile kinachopata jua la asubuhi, mlango unatazamana na wetu. Jiko ni lile lile letu dogo. Mmoja akifungua droo, lazima mwenzake asogee. Ukikataa nitaelewa, na nitaendelea kuja kukuona. Ukikubali, usinijibu mimi. Mpigie yeye.

Nisalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Watoto wanakuamkia. Mke wangu hajanituma salamu. Anasema zake atakupa kwa mdomo wake.

Ni mimi mwanao nisiyetulia,
Kisulisuli