Chupa Niliyoijaza Mbali na Mfereji

Mama yangu,

Wiki hii nimewafundisha wafanyakazi wapya kuchukua sampuli za maji ufukweni. Nimewaambia waingie mpaka kiunoni na wasimame penye alama, karibu na mdomo wa mfereji wa maji ya mvua, hata kama pananuka. Mmoja akaniuliza kwa nini nasisitiza hivyo. Nikamjibu ni utaratibu tu. Uongo mwingine huo, mama, na wote ulianza kwa ajili yako.

Unakumbuka kiangazi kile ulipokuja Toronto, nami niko chuoni na kibarua changu cha kupima maji ya ziwa? Ulinicheka. "Yaani wanakulipa kuchota maji? Mimi nimeyachota Iringa miaka hamsini, hakuna aliyenipa hata ahsante." Asubuhi moja ukanisindikiza, ukajitwika boksi la barafu kichwani. Watu wakatugeukia, nami nikatangulia mbele kama sikujui. Hilo nalo nisamehe.

Kisha kanisa letu la Kiswahili kule Downsview likatangaza ubatizo ziwani, Jumapili. Baba, enzi za uhai wake, hakutaka hata kusikia habari za wewe kuzamishwa, maana ulishanyunyiziwa maji utotoni na kwake hayo yalitosha. Ulingoja miaka mingi. Ukajishonea gauni jeupe kwa mkono, umekaa kwenye kochi langu. Jumatano yake ulikuwa unarudi nyumbani, kwa hiyo ilikuwa Jumapili hiyo au basi.

Ijumaa ikanyesha mvua kubwa. Mvua kama ile husukuma uchafu wa mitaa yote ziwani, na majibu yakitoka mabaya watu hukatazwa kuingia. Jumamosi zamu ilikuwa yangu. Nilisimama penye alama, nikayaona maji yalivyo, nikafikiria gauni lako. Nikatembea mpaka upande wa pili wa mawe, kwenye maji meupe, nikajaza chupa huko. Majibu ya chupa ile yakatoka mazuri, na Jumapili asubuhi kibao cha ufukweni kikasema ruhusa kuogelea.

Ulizamishwa ukiwa bado unasema amina, ukayameza. Ulitoka unacheka na kulia, ukanikumbatia umelowa chapachapa. Sikuwahi kukuona na furaha ile.

Jumanne tumbo likakushika, ukahara mpaka ukashindwa kusimama. Hospitalini daktari aliuliza kwa Kiingereza kama uliingia ziwani. Mkalimani wako nilikuwa mimi. Nikajibu hapana, bila hata kukuuliza. Tulipokuwa garini ukaniambia polepole, "Neno lao la ziwa nalijua, mwanangu. Umelitaja kila siku tangu nije." Kisha ukageukia dirishani. Watu wa kanisani walipokupigia simu ukawaambia ni sambusa zilizolala. Wale watatu mliobatizwa nao sikuthubutu hata kuwapigia simu.

Ulipanda ndege ukiwa dhaifu, na maji ya chumvi na sukari kwenye mkoba. Miaka yote iliyofuata, kila nilipopiga simu nikiwa nimejiandaa kusema, uliniuliza kama nimevaa sweta. Nami nikajibu habari za sweta. Umeondoka kwa maradhi mengine, na jibu hujanidai.

Naona aibu, mama. Daktari alikuuliza wewe, nikakunyang'anya jibu lako. Leo nakurudishia: ndiyo, mama aliingia ziwani, na mwanawe alijua.

Pumzika.

Kitindamimba wako