Kikombe Kitupu cha Milembe

Jumatatu, 5 Mei
Uji tena bila sukari. Watoto kumi na mmoja wa kitengo maalumu, mwalimu mimi peke yangu. Milembe hajagusa chakula tangu Ijumaa. Ana miaka kumi na miwili, lakini akili ni ya mtoto mdogo. Mwezi uliopita baba yake alifukiwa na udongo kwenye duara, shimo la machimbo, akichimba dhahabu. Siku ya mazishi ndugu walimficha Milembe kwa jirani. Eti haelewi. Wakamwambia baba kasafiri.

Jumanne, 6 Mei
Mwalimu wa ushauri nasaha ni mimi. Semina ya siku mbili, cheti ukutani. Leo niliishiwa maarifa. Nikamwambia: kula, baba atarudi. Alikunywa uji wote, akalamba kikombe. Nikajipongeza.

Ijumaa, 9 Mei
Anamaliza uji kila siku. Kisha anasimama getini na kikombe kitupu mpaka kengele ya mwisho. Kila mwanaume anayepita anaonyeshwa hicho kikombe. Mwalimu mkuu amefurahi, anasema nimemponya. Najionea aibu.

Jumanne, 13 Mei
Saa nne hakuwepo getini. Tulimkuta kwenye maduara, kalala kifudifudi ukingoni. Mchimbaji mmoja kamshika gauni. Milembe ananyoosha kikombe shimoni na kuita, "Baba! Nimekula yote!"
Nusura nimuue mtoto. Mimi, na cheti changu.

Jumatano, 14 Mei
Nilikwenda kwa mama yake nikakiri. Hakunikaripia, ingekuwa afadhali. "Uongo ni wetu, Mwalimu. Wewe umeutia chumvi tu." Tumekubaliana aambiwe ukweli kesho. Baba mkubwa hataki, anasema tutamvuruga zaidi. Mama Milembe kamjibu kuwa mtoto ni wake.

Alhamisi, 15 Mei
Kaburi liko kwa babu yake, mwendo wa saa nzima. Mama yake alimwambia kwa Kisukuma, polepole: baba amekufa, yumo humu, harudi. Milembe aliuliza mara tatu. Mara tatu akajibiwa vilevile. Akashika udongo, akanigeukia mimi. Nikamwambia nilimdanganya. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nami nililia, sikujali nani ananiona.

Ijumaa, 16 Mei
Milembe alikuja, akakaa mahali pake. Getini hakwenda. Uji ulipoa mbele yake. Nilikaa naye. Sikumwambia ale.