Opera ya Baba Imemuua Nekesa

Ijumaa, Jeddah. Jua kali, na hewa ya bahari inanata mwilini. Baba, bosi wangu, yuko msikitini. Mimi dereva wake niko ndani ya gari na AC, na sina raha hata kidogo.

Nimemuua Nekesa.

Mnaosoma blogu hii mnamjua: mfanyakazi wa ndani kule mtaa wa Aziziya, mhusika mkuu wa riwaya yangu ninayoiandika kwa simu nikingoja baba. Sura ya mwisho niliiweka jana. Anakufa taratibu, kurasa kumi nzima, akisema maneno mazito, na mwanamume aliyemsaliti anapiga magoti na kutubu.

Mwisho huo nimeutoa kwa baba. Alisomea udaktari Ujerumani akarudi na opera, ile michezo ya kuigiza ambayo watu huimba badala ya kusema. Kila safari garini ni opera, sauti juu, huku akinieleza nani analia na kwa nini. Mwanzoni nilidhani naadhibiwa. Wueh! Mle mtu hafi mpaka aimbe nusu saa.

Lakini iliniingia. Mle kila mhusika ana kijiwimbo kinachomtangulia kabla hajaonekana, basi nami nikampa Nekesa harufu ya dawa ya kuoshea choo, inafika mlangoni kabla yake. Nikajifunza kuivuta huzuni. Nikajifunza pia kwamba mwanamke akifa mwishoni, mwanamume anaokoka na hadithi inaonekana kubwa.

Rafiki yangu Otieno, mlinzi anayekaa mtaa wa Al-Mahjar, alisoma akacheka sana: "Huyu dada anakufa ama anahutubia mkutano wa kampeni?" Sikujali. Nilijiona mwandishi.

Kisha Mwende akasoma.

Mwende tulikuja naye ndege moja. Yeye yuko Riyadh, ndani ya nyumba ya watu. Mkataba wake uliisha kitambo, lakini kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini kisheria, hataki kutia sahihi ya kumruhusu kutoka nchini, na bila sahihi hiyo hakuna ndege. Kila akiuliza anaambiwa kesho. Sura zangu huzisomea bafuni, maji yakimwagika ili madam asishuku. Tangu sura ya kwanza ombi lake ni moja tu: Nekesa afike kwao.

Sikusahau. Niliona kufika nyumbani ni mwisho mdogo mno.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe wa sauti. Halii, hagombi.

"Kaka Mutua, nimemaliza. Yaani hata kwa hadithi tumeshindwa kufika?"

Aki nimeona aibu. Nimefuta kile kifo chote na kuanza upya. Nekesa nimemtoa Aziziya, nimempa teksi, nimemfikisha uwanja wa ndege na begi lake. Afisa dirishani anafungua paspoti na kuuliza ruhusa ya kutoka. Nikajaribu kumfanya kafili ajute. Haikubali, watu hao nawajua. Nikajaribu muujiza, nikaona Mwende atajua namdanganya. Kwenye opera za baba wafalme hulia na mizimu huamka, lakini hakuna anayeulizwa karatasi.

Nimempigia Mwende nimwambie angoje kidogo, naandika mwisho mwingine. Simu imezimwa. Nimerudia. Imezimwa.

Watu wameanza kutoka msikitini. Nekesa bado amesimama pale dirishani, foleni nyuma yake inamwambia yalla, yalla, songa haraka, na mimi niliyemuumba sina sahihi ya kumpa.