Msanii wa Mzee Njegere

Kihonda, Morogoro
14 Septemba

Kwako dada Veronika,

Shikamoo dada. Natumaini wewe na mtoto mnaendelea vizuri, na shemeji amejifunza kupika uji usio na mabonge. Sisi huku tu wazima, ila kwa huzuni unayoijua. Mama anakula kidogo, na anasema usijilaumu kwa kutokuja; mzazi mwenye kichanga hasafiri kutoka Kigoma mpaka Mgeta.

Uliponiuliza kwenye simu msiba ulikwendaje, nilibabaika. Hata sasa nababaika, ila karatasi haiishiwi salio.

Kabla baba hajafariki, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo alinitaka niwaeleze wageni wa onyesho letu sisi watu wa jukwaani tunaitwaje na kwa nini. Nilidhani ni kazi ndogo. Mwigizaji ametoka kwenye kuiga. Basi hata kasuku ni mwenzetu. Ukisema mchezaji, watu wanakuuliza unavaa jezi namba ngapi. Kuhusu msanii, mwalimu mmoja aliniambia neno hilo asili yake ni Kiarabu, na kule maana yake ni fundi, mtu wa kutengeneza vitu. Nilifurahi sana. Nikapanga kupanda Mgeta nikamwambie baba, maana unakumbuka hakunisemesha tangu nilipomwambia mimi ni msanii. Kwake yeye, mzee wa kuuza njegere sokoni, msanii ni tapeli, mtu anayekuibia huku mnacheka. Nikachelewa, dada. Maana nzuri nimebaki nayo mwenyewe.

Tulimzika vizuri. Tuliporudi nyumbani, watani wakaanza yao. Bi Winfrida, yule mtani wetu muuza togwa, akatoka ndani amevaa koti la baba na buti zake za mpira, anakohoa kama yeye, anafoka kwa nini maharage ya msibani hayana kitunguu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nusura nimwamkie.

Kisha akapanda juu ya ndoo akatangaza kwamba sasa Mzee Njegere atawaonyesha kazi ya mwanawe. Akajifanya mfalme, ndevu za bandia zikamwanguka, akaziokota, akazivaa kichwani kama taji, akaendelea kutawala. Watu hoi kwa kicheko. Mfalme yule nilimwigiza mimi, mjini, Pasaka iliyopita, na ndevu zilinianguka hivyo hivyo katika onyesho moja tu. Bi Winfrida tangu avunjike mguu mwaka juzi hajashuka mjini. Je, baba alikuja akaniona? Au kuna mtu alimsimulia tu? Na mtani naye ana ruhusa ya kudanganya msibani.

Hapo nililia. Na hili, dada, sijamwambia mtu: machozi ya kaburini, yale mama aliyokusimulia, yalikuwa ya kuigiza. Nilisimama pale mkavu, watu wote wananitazama, nikafanya kazi ninayoijua. Nikasema moyoni, baba hakukosea, kweli mimi ni msanii. Lakini mbele ya Bi Winfrida nililia wakati wenzangu wanacheka, na sikuweza kujizuia.

Watu walipopungua nilimfuata, nikamsihi aweke utani pembeni aniambie kama baba alikuja kweli. Akaanza kulivua lile koti, akasita, akalivaa tena. Akanijibu kwa sauti ya baba kwamba alikuwa amepeleka njegere soko la mjini, akasikia kuna wasanii ukumbini, akaingia kumtafuta tapeli. Akamkuta mwanawe, akaona haya kujitokeza.

Sijui nilikuwa nazungumza na nani, dada. Nilisema tu, asante kwa kuja, baba.

Mama anawasalimu wote. Nami nampa shemeji mkono, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Eustace