Watoto Waliijua Njia

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kijana ameng'oka jino, na cherehani yangu imepona.

Jumapili niliwapeleka wanangu kwenye ile hifadhi ya taifa yenye vinamasi. Tulipofika kwenye daraja la mbao niliwashika mikono, nikidhani ni wageni kama mimi. Binti akajichomoa.

"Mama, viboko wako kule, nyuma ya matete!"

"Umejuaje?"

Kaka yake akamfinya, lakini maneno yalishamtoka: "Tulikuja na baba na mamdogo. Walikuwa wameshikana mikono. Baba akasema tusikuambie."

Sikuwakemea. Tulitazama viboko mpaka watoto wakachoka, na walipocheka nami nikacheka.

Nyumbani nilimbana mume wangu, akakiri. Ni siku ile uliyosema unaumwa, nikakupikia uji, nikampa akuletee, akaondoka na watoto wakakusalimie. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Yeye nimemtoa nyumbani, wala sikulia. Lakini wewe nilikubeba mgongoni mama alipofariki, nikakulea kama mwanangu wa kwanza. Wewe nitakutoa wapi?

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.