Nywele Ndani ya Kitabu cha Vioo

Kiden, mpwa wangu,

Nimemnyoa Ustaz Wani bila maji. Najua kichwa chake kilikuwa kipara hata kabla hujaajiriwa shuleni kwake, lakini Jumamosi iliyopita, mbele ya watu, mimi Khalu, mjomba wako, nilipata cha kunyoa. Tulia huko uliko nikusimulie. Na usianze na ile yako ya "Khalu, punguza." Leo sipunguzi. Leo hata sina haja ya kuongeza chumvi.

Kwanza habari za hapa Gumbo. Mvua imeanza, malori ya barabara ya Nimule yanazama kwenye tope mbele ya saluni, na madereva wanakuja kunyolewa huku wakisubiri kuvutwa. Mkono wangu sasa unajulikana mpaka Torit. Juzi nilimnyoa dereva aliyelala usingizi mzito kiasi kwamba lori lake lilivutwa, likaenda, likarudi, yeye hajaamka. Lile kofi la kuamsha wateja bado ninalo.

Kiti chako hakuna anayekikalia. Kile cha plastiki, chenye mguu niliofunga waya. Kuna mwanamume alijifanya hakusikia, akakikalia. Nikamnyoa nusu kichwa nikaweka mashine chini. Nikamwambia nusu ya pili inanyolewa kwenye benchi.

Sasa, Ustaz.

Hukuwepo kusikia alichosema siku ya kukuzika. Yaani ulikuwepo, lakini unanielewa. Homa ya siku nne tu, Kiden. Siku ya tano mimi nina udongo mikononi, na yule mtu anasimama chini ya turubai la msiba, suti nyeusi, anakohoa ili anyamaziwe. Akasema: "Marehemu nilimlea mimi katika fasihi. Vile vitabu vizito vya nchi mbaya tulivisoma pamoja, neno kwa neno. Hata mjomba wake, huyu kinyozi, alikuwa anaokota maneno mawili matatu mashine yake ikizimwa." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupumzisha kifua. Sikucheka. Niliapa palepale, mchanga bado uko kwenye kucha zangu, kwamba huyu bwana nitamwaibisha mchana, watu wakiwepo, na amevaa suti hiyohiyo.

Aliokota nani? Mimi? Mimi ndiye niliyekaa miaka mitatu humu saluni nikisikiliza ukinisomea vitabu vya nchi mbaya vyote ulivyotoka navyo Kampala. Kile cha mvua kunyesha kwa kibali. Kile cha watu kulipishwa ndoto zao. Na kile cha vioo, ambacho ulikirudia tangu mwanzo kwa sababu yangu kabla hatujafika mwisho. Darasa la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri nimefika la sita, na hakuna mtu wa la sita Gumbo nzima aliyekula vitabu kama mimi.

Wiki moja baadaye nilikwenda shuleni kuchukua vitu vyako. Nikapewa kikombe, viatu vya mvua na sweta. Katoni ya vitabu, Ustaz ameiweka kwenye kabati lake, na kila kitabu amekigonga muhuri wa jina lake. Jina lake, Kiden! Nikamwambia, sitaki vyote, nipe kile cha vioo. Akaniangalia kuanzia ndala kwenda juu. "Mzee Lado, kitabu cha Kiingereza utakifanyia nini? Utafungia mandazi?"

Nilitoka nje. Nilivuka barabara bila kuangalia, boda ikanikosa kwa upana wa kidole.

Sikuweza kumwambia kwa nini nakitaka, maana nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeanza kusahau. Wewe ulikuwa unasoma Kiingereza kwa macho, Kiswahili kinatoka mdomoni. Hicho Kiswahili hakikuandikwa popote. Kilikuwa kwako na kwangu tu, halafu kikabaki kwangu peke yangu, na kila nikiamka naona kimepungua.

Nilijipima. Nikaanza: kuna nchi ambayo serikali imekataza vioo. Mtu akitaka kujua sura yake, anapanga foleni ofisini, karani anamwangalia anamwandikia karatasi: wewe leo una pua nyembamba, na una furaha. Hapo niko sawa. Kuna kinyozi anayenyoa watu wasiojiona. Sawa. Wewe ukifika hapo ulikuwa unasimama na kukifunika kioo cha saluni kwa taulo, ili tuingie nchini vizuri, na mteja akilalamika, "Sasa nitajuaje kama umeninyoa vizuri?" saluni nzima inamjibu, "Uliza ofisini!" Sawa. Halafu kinyozi anaokota kipande cha kioo. Wapi? Nikakwama hapo. Nilikwama siku tatu, Kiden, kama lori.

Ndipo nikaanza kuwauliza wateja waliokuwa wanasikiliza. Mtu mwenye wembe shingoni hujibu vizuri. Walikumbuka nini? Serikali ilikataza vioo. Wote hivyohivyo, na wengine wakaapa wamekisoma chote. Nikiuliza jina la kinyozi, hakuna anayelikumbuka. Abdi wa duka la jumla, yule kijana wa Garissa, alikumbuka supu. "Wee Lado, si kulikuwa na mke wake anapika supu ya maharagwe? Nilisikia njaa hadi nikafunga duka." Mama Poni wa chai alikumbuka msichana aliyejitazama kwenye ndoo ya maji akafungwa, na akaniambia ndoo ilikuwa ya bluu. Ndoo ya bluu! Kila mtu amebeba kipande chake kidogo, kile kilichomgusa, na vingine amevitupa njiani.

Kisha Okello wa boda akasema, "Mimi nakumbuka tu ile mamba ilikula askari wa vioo." Nikaacha kunyoa.

Mamba nilimweka mimi. Unakumbuka? Ulikuwa umetoka kununua sukari, watu wakadai niendelee, nikaona sura ya tisa imepoa, nikatia mamba. Uliporudi hukuniumbua. Ulisema tu, "Sawa, tuendelee baada ya mamba." Sasa mamba amekaa, na kitabu kimeondoka. Usiku huo nilijichukia kidogo. Kidogo tu, halafu nikarudi kumchukia Ustaz, ndiko kulikokuwa na joto.

Akatangaza kikao cha vitabu. Jumamosi, barazani shuleni, yeye mwenyewe atafafanua kitabu cha vioo "kwa kumbukumbu ya mwalimu wetu." Nilivaa shati lile jeupe ulilonipigia pasi Krismasi. Nikaenda na Abdi, Mama Poni na Okello, na nyuma yetu wateja kama arobaini. Sawa, kumi na wanne.

Alikuwa na suti nyeusi! Mungu alinisikia mpaka kwenye suti.

Akaanza: mfumo huu, mamlaka ile, binadamu na taswira yake. Robo saa nzima, na kinyozi hajatajwa. Nikanyoosha mkono. "Ustaz, samahani, mimi niliokota maneno mawili matatu tu. Kinyozi alipata wapi kile kipande cha kioo?" Akasema hilo ni jambo dogo. Mama Poni akauliza, "Na ndoo ilikuwa rangi gani?" Akasema, "Ndoo gani?" Mama Poni akawageukia watu: "Hata ndoo haijui huyu!" Abdi akauliza supu ya nini. Ustaz akasema ngoja, ngoja, kimeandikwa humu, akakifungua kitabu katikati kwa nguvu na kukiinua kitazamwe.

Nywele zikamwagika.

Kiden, zilimwagika! Miaka mitatu ya vichwa vya Gumbo. Nyeusi, za mvi, zile laini za watoto wa mwaka mmoja, zilikuwa zimelala kati ya kurasa, zikamshukia kwenye suti mpaka akawa kama amevaa ngozi ya mbuzi. Akapenga, akapiga chafya. Mimi nikasimama polepole. Nilikuwa nimelingojea neno lolote miezi miwili, likaja lenyewe: "Ustaz, hizo nywele ni za nani? Maana zako hatujawahi kuziona."

Baraza lilianguka kwa kicheko. Okello alikaa chini kabisa. Mama Poni alipiga kigelegele, Mungu amsamehe. Kila mtu alielewa kitabu kile kilisomewa wapi, na nani alikuwa anasoma, na nani alikuwa anasikia. Nilitaka ile sauti ya kicheko iendelee mpaka ng'ambo ya daraja. Sikumwonea huruma hata chembe na sijaanza mpaka leo.

Lakini yule bwana si mjinga. Akajipangusa, akasema, "Vizuri. Basi Mzee Lado atuambie mwisho wa kitabu."

Nilifurahi! Mwisho nilikuwa nao wote, haukupungua hata tone, maana ndio ulikuwa wa mwisho kunisomea, wiki ile kabla ya homa. Nikawaambia kama ulivyoniambia. Kinyozi yuko peke yake na kile kipande cha kioo. Anaogopa kukitazama, maana dada yake amekufa na hana hata karatasi ya ofisi inayosema alikuwaje. Mwisho anakiinua. Na anachokiona ni ile pua ya dada yake, na ile alama ya kucheka pembeni ya mdomo, ziko hapo usoni kwake, zilikuwa hapo siku zote. Ofisi ilimwandikia kila kitu isipokuwa hicho. Basi anatoka, anapita mlango kwa mlango na kile kipande, na kila anayejitazama anamkuta mtu wake.

Mama Poni alishika pua yake.

Ustaz akampa Abdi kitabu. "Wewe umesoma Kenya. Wasomee ukurasa wa mwisho." Abdi akasoma kimoyomoyo, akaniangalia, akasoma tena. "Lado, ndugu yangu," akasema, "humu kinyozi anajitazama, hajitambui. Anakivunja kile kioo, anaenda kupanga foleni. Anauliza ofisini."

Basi. Foleni, na kitabu kimeisha.

Ustaz alitabasamu. Alisema, "Naona mjomba ametuongezea." Watu wakanitazama, wote wananijua, wote wanajua habari ya mamba. Nilitaka kuapa na sikujua niape kwa kitu gani. Mimi ni mwongo, ndiyo, lakini ule haukuwa wangu. Mimi ningeweka lori. Ningeweka jenerali.

Nilimwambia Abdi anipe kitabu, nikakishika, na nikamwambia Ustaz kwamba hiki chenye nywele ni cha saluni na kinarudi saluni, na vingine vibaki kwa wanafunzi ila afute jina lake aandike lako. Watu wakasema ndiyo, aandike. Akaandika, na mimi nimesimama juu yake namtajia herufi moja moja, K, I, D, kama mtoto. Katoni nzima. Polepole.

Nyumbani nikakifungua ukurasa kwa ukurasa. Nywele zipo, zipo, zipo. Zinafika kurasa nane kabla ya mwisho, halafu hakuna. Kurasa nane safi, kama zimetoka dukani.

Ndipo nikaiona ile siku. Saluni imejaa, natembeza mashine, nywele zinaruka kila mahali, na wewe umekaa kwenye kiti chako. Kitabu umekifunga. Kiko mapajani, mikono yako juu yake. Hukuwa unatazama ukurasa, ulikuwa unanitazama mimi kwenye kioo, na siku hiyo hukukifunika. Nilifikiri umechoka. Ukasema, "Khalu, sasa mwisho." Ulikuwa umeshasoma mwisho peke yako, ukaona hautanifaa. Unajua mama yako, dada yangu, tulimzika porini tukikimbia, hatukupiga picha hata moja. Ukatunga. Ndani ya saluni yangu, mbele ya mwongo mkubwa kuliko wote mashariki ya mto, mtoto umenidanganya na sikushtuka! Miezi miwili nikawa naringia kitu ambacho hakipo!

Huo uongo umenishinda wote niliowahi kusema, na hilo sikusamehe. Nalipiza.

Sikiliza kisasi changu. Kila kichwa kitakachokaa mbele yangu kitasikia mwisho wako, na hakitashuka kwenye kiti mpaka kimeurudia. Dereva wa Nimule ataupeleka Nimule. Okello ataubeba mitaa ya New Site na Mangateen. Mamba nimeshamtoa, kabla ya kile kikao niliwaambia wote alikuwa wangu, iliniuma kama jino. Mwisho wako hautoki. Nitawasubiri wasahau ule uliochapwa, kama walivyosahau jina la kinyozi. Kisha Ustaz Wani asimame na karatasi yake mkononi, asome ile foleni, na mama muuza chai amwambie mbele ya wanafunzi wake: hapana Ustaz, umekosea, haukuishia hivyo. Hicho ndicho ninachokingoja. Nina afya, nina wembe, nina subira.

Taulo nimelitundika msumarini na kioo kiko wazi. Asubuhi, kabla sijafungua mlango, nasimama pale. Pua ni ya mama yako. Ile alama pembeni ya mdomo ilikuwa yako pia, sikuwahi kuitazama. Basi sina sababu ya kwenda kuuliza kwa mtu.

Lala, binti wa dada yangu. Kiti chako kipo, waya nimeukaza.

Khalu wako,
Lado, kinyozi, Gumbo